Shilingi na Daraja: Jinsi Uganda Ilivyojenga Upya Uchumi Wake

Vita vikiisha, watu huhesabu madaraja yaliyovunjika. Hesabu hiyo ni rahisi, kwa sababu daraja huonekana kwa macho. Sisi tuliosoma katika shule hii twalijua jambo hilo vizuri, maana hakuna mwanafunzi aliyepita Kyaka mara ya kwanza bila kuonyeshwa mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Mto Kagera mwezi Novemba 1978. Daraja lilijengwa upya, magari yakapita, na kijana wa leo hana habari. Lakini viko vitu vingine vivunjwavyo na vita ambavyo havionekani, navyo huchukua miaka mingi zaidi kutengenezwa. Katika makala haya nataka kueleza kimoja tu: imani ya mwananchi kwa shilingi yake. Nina maana ya imani kwamba shilingi aliyoipata leo itanunua kitu kesho, na kwamba shilingi iliyotumwa na serikali mahali fulani itafika mahali hapo.

Ndugu wanafunzi wa zamani, mfano nitakaoutumia ni wa jirani zetu wa Uganda. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, darasani tulifundishwa Vita vya Kagera hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, kisha kengele ikalia, na kipindi kilichofuata kikawa cha somo jingine. Yaliyowapata Waganda baada ya hapo tuliyasikia kwa wafanyabiashara wa Mutukula tu. Pili, mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu kwa zaidi ya miaka 15 imekuwa kuandaa na kufuatilia bajeti. Katika kazi hiyo sijapata kuona somo lililo wazi zaidi kuliko la Uganda, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake.

Nchi iliyokuwa na mali

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 haikuwa nchi maskini kwa kipimo cha majirani zake. Ilikuwa na kahawa, pamba na chai. Ilikuwa na shaba ya Kilembe, sukari ya Kakira na Lugazi, umeme wa Jinja uliokuwa ukizalishwa tangu mwaka 1954, na Chuo cha Makerere kilichosomesha viongozi wengi wa Afrika Mashariki, akiwamo Mwalimu Nyerere.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alitwaa madaraka. Mwezi Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Makumi ya maelfu waliondoka, wakiacha maduka, viwanda, mashamba na nyumba. Mali hizo ziligawiwa, na sehemu kubwa ikaangukia mikononi mwa wanajeshi na watu wao. Wananchi waliwaita matajiri hao wapya "mafuta mingi". Mwalimu wetu wa Kiswahili angelipiga jina hilo mstari mwekundu, akaandika pembeni "mafuta mengi". Hata hivyo, kila aliyelisikia alielewa. Aliyepewa duka aliuza shehena iliyokuwamo, na rafu zilipobaki tupu alifunga mlango, kwa kuwa hakujua bidhaa zilikuwa zikiagizwa wapi wala kwa mkopo gani.

Neno la pili la Kiswahili lililoenea Uganda siku zile ni "magendo". Sisi pia tunalo, lakini kule magendo yaligeuka kuwa ndiyo uchumi wenyewe. Serikali ilipanga bei ya kahawa, ikamlipa mkulima kwa shilingi ambayo thamani yake rasmi ilikuwa kubwa kuliko thamani yake ya kweli. Mkulima akapiga hesabu zake. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapanda sana, na kahawa ya Uganda ikavuka mpaka usiku kwenda Kenya, ambako soko la Chepkube lilipata umaarufu kwa biashara hiyo. Kila gunia lililovuka liliipunguzia serikali fedha za kigeni. Serikali iliyokosa fedha ikachapa noti. Noti zilizochapwa zikapunguza thamani ya shilingi, na shilingi iliyopungua thamani ikamfanya mkulima mwingine naye avushe kahawa. Ndivyo gurudumu lile lilivyozunguka.

Vita juu ya vita

Mwezi Oktoba 1978 Amin alivamia mkoa wetu, ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Wazee wa hapa wanayajua yaliyofuata kuliko mimi niliyezaliwa baadaye: watu waliouawa, ng'ombe walioswagwa, na kiwanda cha sukari cha Kagera kilichoporwa. Jeshi letu, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, likamwondoa Amin. Sisi nasi tulilipa gharama yetu. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini miezi hiyo ilizaa miaka. Mfumuko wa bei ya mafuta, ukame na makosa ya sera viliungana na deni la vita, na waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau foleni za sabuni na sukari.

Uganda yenyewe haikupata amani. Yusufu Lule alitawala siku 68 tu. Akafuata Godfrey Binaisa, kisha Tume ya Kijeshi, kisha Milton Obote akarudi baada ya uchaguzi wa Desemba 1980. Mwezi Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake wakaingia msituni. Vita hivyo vilipiganwa sana Luwero, katika nchi ya mibuni na migomba. Majeshi ya Museveni yalipoingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, Uganda ilikuwa imekaa miaka 15 bila kupumzika. Shaba ya Kilembe haikuchimbwa tena. Viwanda vya sukari vilikuwa vimesimama au karibu kusimama. Mshahara wa mwezi wa karani haukumtosha kwa chakula cha juma moja, kwa hiyo karani alikwenda ofisini kutundika koti lake kwenye kiti, kisha akatoka kutafuta riziki mahali pengine.

Jaribio la kwanza na shilingi mpya

Museveni alikuwa amesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, na alipoingia Ikulu alikuwa na fikra nyingi za Mlimani ya wakati ule. Serikali yake ilianza kwa kupanga bei, kuipa shilingi thamani kubwa kwa amri, na kubadilishana bidhaa kwa bidhaa na nchi nyingine. Nia ilikuwa njema. Waliona kwamba shilingi ikishuka thamani, maskini wa mjini ataumia. Lakini amri haikuiongezea shilingi nguvu. Ilipanua tu nafasi baina ya bei ya benki na bei ya mtaani, ambayo Waganda waliiita bei ya "kibanda", na aliyefaidika na nafasi hiyo alikuwa mwenye rafiki ofisini aliyemwezesha kupata dola kwa bei ya benki.

Mwezi Mei 1987 serikali ikageuza njia. Ilitoa shilingi mpya, moja kwa 100 za zamani, na katika kubadilisha ikakata kodi ya asilimia 30. Mama aliyekuwa amehifadhi shilingi 10,000 za zamani alipata 100 mpya, akakatwa 30, akarudi nyumbani na 70. Wakati huo huo dola iliyokuwa ikihesabiwa kwa shilingi 14 za kipimo kipya ikapandishwa hadi 60. Ulikuwa uchungu mkubwa, na kwa muda ulionekana kuwa uchungu wa bure, kwani bei ziliendelea kupanda kwa karibu asilimia 200 kwa mwaka katika 1987 na 1988. Sababu ni kwamba noti zilibadilishwa, lakini tabia ya kuchapa nyingine kila serikali ilipopungukiwa haikubadilishwa.

Hatua zilizofuata zilikuja moja moja. Mwaka 1990 maduka ya kubadilishia fedha za kigeni yalihalalishwa, na yaliyokuwa yakifanywa kwa kificho katika vibanda yakafanywa mchana, kwa stakabadhi. Bodi ya kahawa ikanyang'anywa ukiritimba wake, wanunuzi wengine wakaruhusiwa. Mwaka 1991 ikaanzishwa Mamlaka ya Mapato. Waasia wakarudishiwa mali zao, jambo lililopingwa na wengi waliokuwa wakikaa katika nyumba hizo, na Kakira na Lugazi zikaanza tena kutoa sukari. Kwa hiyo, bei ya kahawa ilipopanda mwaka 1994 kwa sababu ya baridi nyingine ya Brazil, safari hii fedha zilimfikia mkulima mwenyewe, akaezeka nyumba yake mabati bila kuvuka mpaka wowote.

Kupika kwa unga uliomo

Lakini kwa maoni yangu siku iliyoamua mambo ilikuja mwaka 1992. Bei zilikuwa zimeanza kupanda tena. Kodi zilikusanya kidogo, wizara zilitumia kingi, na Benki Kuu ilijaza pengo kwa noti. Rais akaunganisha Wizara ya Fedha na ile ya Mipango, na Katibu Mkuu wake akawa Emmanuel Tumusiime-Mutebile. Huyu alikuwa kiongozi wa wanafunzi Makerere mwaka 1972, akasimama hadharani kupinga kufukuzwa kwa Waasia, ikambidi akimbie nchi. Baadaye alisoma Uingereza na akapata kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 2001 alikuja kuwa Gavana wa Benki Kuu, akakishika cheo hicho mpaka alipofariki Januari 2022.

Kanuni iliyowekwa ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuitekeleza. Kila mwezi serikali itumie kile tu kilichokusanywa. Ni kanuni ya mama wa nyumbani apikaye kwa unga uliomo debeni, wala si kwa unga alioahidiwa. Wizara zililia. Barua za kuomba nyongeza zilirudi bila nyongeza. Lakini bei zilitulia, na kwa miaka mingi iliyofuata katika mwongo ule mfumuko ulikaa chini ya asilimia 10. Sisi wenyewe Tanzania tulianza mfumo wa namna hiyo mwaka 1996, na wenzangu waliokuwa Hazina wakati ule wanaukumbuka kama mtu akumbukavyo dawa ya kwinini.

Na tusijidanganye kwamba dawa hiyo haikuwa na waliougua kwa kuinywa. Watumishi wa serikali, ambao idadi yao mwaka 1990 ilizidi 300,000, walipunguzwa kwa karibu nusu katika miaka michache. Wanajeshi zaidi ya 36,000 walirudishwa vijijini baina ya 1992 na 1995, kila mmoja na kiinua mgongo chake kidogo. Wako waliofanikiwa, na wako waliokuta shamba limekwisha kugawanywa na ndugu.

Asilimia 13

Sasa nafika katika sehemu iliyonifanya niandike makala haya kwa jarida la shule badala ya kuandika ripoti ya ofisini.

Katika miaka yote ya vita shule za msingi za Uganda hazikufa, na si kwa sababu serikali ilizitunza. Wazazi ndio walioziweka hai. Kamati zao zilichanga, zikamlipa mwalimu, zikanunua chaki na mabati. Shilingi ilipotulia na kodi zikaanza kuingia, serikali iliongeza fedha za elimu katika bajeti, ikizipeleka shuleni kwa hesabu ya kila mtoto. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Lakini walimu wakuu waliendelea kulalamika kwamba hawaoni kitu, na idadi ya wanafunzi katika takwimu haikuongezeka.

Mwaka 1996 kukafanywa uchunguzi wa namna ambayo haikuwa imezoeleka. Watu walikwenda katika shule 250, wakafungua vitabu vya hesabu vya shule zenyewe, wakalinganisha kilichoandikwa pale na kilichoandikwa Hazina. Waligundua kwamba baina ya 1991 na 1995 fedha za matumizi ya shule zilizofika shuleni zilikuwa asilimia 13 tu kwa wastani. Shule nyingi hazikupata hata senti moja. Katika kila shilingi 100 zilizotoka Kampala, 87 zilibaki njiani. Si zote zilizoibwa. Nyingine ziliishia katika ofisi za wilaya, zikalipia mafuta ya gari, posho na shughuli ambazo hazikuwa na fungu. Mimi niliyekaa katika ofisi za namna hiyo naelewa jambo hilo linavyotokea: fedha za shule hufika wakati gari la ofisi halina tairi, na hakuna mwalimu mkuu ajuaye kwamba zimefika. Asiyejua kwamba ametumiwa hawezi kudai.

Serikali ya Uganda ingeweza kuifungia ripoti ile kabatini. Haikufanya hivyo, nami naihesabu kuwa sifa yake kubwa. Ilianza kutangaza magazetini kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya, na ikaagiza kila shule ibandike ukutani kiasi ilichopokea, mahali ambapo mzazi yeyote aweza kusoma. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo zilikuwa zikifika. Wataalamu wamebishana kuhusu ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti, na kiasi gani kilitokana na kubadilishwa kwa utaratibu wenyewe wa kupeleka fedha, maana fedha za shule zilitengwa zisichanganywe na nyingine. Jibu langu ni la mtu wa bajeti: mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Fungu lililotengwa bila macho ya wazazi huliwa taratibu. Na macho ya wazazi bila fungu lililotengwa huona ukuta mtupu.

Mwezi Januari 1997 elimu ya msingi bila ada ilianza, na idadi ya watoto shuleni ikaruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Mwaka 1998 Uganda ikawa nchi ya kwanza kukamilisha masharti ya mpango wa kimataifa wa kuzipunguzia madeni nchi maskini, na fedha zilizookolewa zikawekwa katika mfuko wa pekee wa kupambana na umaskini. Wananchi waliokuwa chini ya mstari wa umaskini walipungua kutoka asilimia 56 mwaka 1992 hadi kama 35 mwaka 2000.

Yaliyobaki nyuma

Ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Kaskazini mwa Uganda vita havikwisha mwaka 1986. Viliendelea kwa miaka 20, na wakati vilipopamba moto zaidi ya watu milioni moja na nusu waliishi kambini, wakila posho ya msaada huku mashamba yao yakirudi kuwa pori. Shilingi iliyotulia haina faida kwa mtu asiyeweza kulima. Tena jeshi la Uganda liliingia Kongo kuanzia 1998 hadi 2003, na mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325. Kwa muda mrefu pia karibu nusu ya bajeti ya nchi ilitoka kwa wafadhili.

Na lile ugonjwa wa njiani lilirudi. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alibaini kwamba mabilioni ya shilingi, yaliyotolewa na wafadhili ili kuijenga upya kaskazini hiyo hiyo, yalichepushwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Nchi kadhaa za Ulaya zikasimamisha misaada yao. Nchi iliyowafundisha wengine kubandika hesabu ukutani ilisahau kuibandika mahali ilipohitajiwa zaidi. Daraja likijengwa limejengwa. Imani ya fedha haiko hivyo. Hujengwa kila robo ya mwaka, na robo moja ikirukwa nyufa huanza.

Sisi je?

Ndugu zangu, katika mkutano wetu wa mwaka huu tutajadili mfuko wa bweni. Wengi wetu tumeahidi, baadhi wameshatoa, na nimesikia minong'ono ambayo mnaijua: kwamba wako wanaosubiri kwanza waone waliotoa wenzao wamefanyiwa nini. Simlaumu yeyote. Mtu anayesubiri kabla ya kutoa anafanya hesabu ile ile aliyoifanya mkulima wa kahawa wa mwaka 1976. Hatamkabidhi mtu gunia lake mpaka ajue atapata nini.

Kwa hiyo naleta hoja, nami naomba iingizwe katika ajenda. Kila mwisho wa muhula zibandikwe karatasi mbili katika ubao wa matangazo wa shule. Ya kwanza ionyeshe fedha zilizopokelewa na mfuko, ya pili ionyeshe zilizotumika na kazi iliyofanywa, na nakala yake ipelekwe kwa kila mwanachama. Zisiandikwe kwa lugha ya wahasibu. Ziandikwe hivi kwamba kijana wa Kidato cha Kwanza, ambaye ndiye atakayelala katika bweni hilo, aweze kuzisoma, kisha atazame ujenzi na kuhesabu mabati. Mweka Hazina wetu ni mtu mwaminifu, na karatasi hizo zitamlinda yeye kabla ya kutulinda sisi.

Ubao wa matangazo upo, nje ya ofisi ya Mkuu wa Shule, pale tulipokuwa tukisukumana kutazama matokeo. Kinachohitajika ni karatasi mbili na misumari minne.